Birika, Barafu na Mayai ya Mama Tumpe

Mtu akisema amestaafu akiwa na miaka arobaini na saba, watu humwangalia mara mbili, kisha humuuliza kama ameshinda bahati nasibu au amefukuzwa. Mimi sikushinda, na kufukuzwa isingewezekana kwa sababu benchi lilikuwa langu. Macho ndiyo yaliyoomba ruhusa kwanza. Vipuri vya siku hizi ni vidogo kuliko punje ya ulezi. Nikikikamata kimoja kwa kibano nikapiga chafya, basi tena, kimekwenda. Miguu nayo ikaunga mkono. Nilikaa Bulyaga, mjini Tukuyu, miaka kumi na sita mfululizo, na kwa mtu wa aina yangu hicho ni kifungo, hata kama ni kifungo chenye chai nzuri.

Mmeniomba, ninyi mliobaki na benchi, niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla hamjaja. Nitaandika, lakini msitegemee habari za kupanda cheo. Kwenye karakana ya mtu mmoja cheo ni kimoja, na anayefagia ni huyo huyo. Nitakaa zaidi kwenye kosa moja, kwa sababu linahusu lile birika la bati mlilolikuta chini ya benchi. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini nililibandika plasta ya kidonda na kuandika juu yake 94 na nusu. Nilikuwa nikiwajibu kwamba ni umri wa birika. Haikuwa kweli.

Kazi niliianza kidato cha pili, kwa kufungua redio ya baba. Ilikuwa nzima nilipoifungua. Baada ya hapo haikuwa nzima tena, na mimi pia kwa siku mbili sikukaa vizuri kwenye kiti. Lakini nilikuwa nimeona mle ndani: vile vidude vya rangi rangi vimesimama kama mji mdogo ambao watu wake wamelala. Nilitaka kujua nani anaamka kwanza umeme ukija. Mpaka leo sijapata sababu nyingine ya kueleza kwa nini mtu anaingia kazi hii.

Nilipomaliza kidato cha nne hakuna shule iliyoning'ang'ania. Nikapanda lori la ndizi lililokuwa linashuka Dar es Salaam, nikalala juu ya mikungu, nikafika na madoa ya utomvu ambayo shati lile halikuyasahau. Dar ilinichosha kwa miezi mitatu. Mtu akaniambia Tanga kuna fundi mmoja mzee anayetengeneza redio, mafriji na chochote chenye waya, na hapendi watu. Nikaona huyo atanifaa.

Mzee Bakari nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki kilichoshonwa kwa waya wa shaba, miwani kwenye paji la uso, mita mapajani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Kazi, mzee. Najua redio kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Naweza kuifungua."

"Na kuifunga?"

Nikapangusa doa la utomvu kwenye shati.

"Basi unajua nusu. Ingia. Na uache kusimama kwenye mwanga wangu."

Kwa wiki mbili sikugusa kifaa cha mteja. Alinipa gunia la saketi zilizokufa, pasi ya kulehemu yenye mpini uliofungwa kitambaa, na makopo tisa ya maziwa ya unga. Kazi yangu ilikuwa kuyeyusha risasi, kuchomoa kila kipuri, kukipima kwa mita, na kukitia kwenye kopo lake: vizima huku, vibovu kule, na vile nisivyovijua kopo la katikati. Jioni alikuwa anachota konzi moja kutoka kopo la vizima na kuvipima upya. Akikuta kibovu, alimwaga kopo lote sakafuni bila kusema neno. Nilijifunza kupima nikiwa nimepiga magoti.

Ile tabia yangu ambayo ninyi mnaiita ugumu, ya kukataza mtu kutaja ugonjwa wa kifaa kabla hajakipima, niliitoa pale. Niliitoa pale pia ile ya kumsikiliza mteja mpaka mwisho hata akianza na habari za harusi. Mzee Bakari aliwasikiliza hivyo wateja wake wote, huku amekunja uso, na nusu ya ubovu alikuwa ameshaujua kabla ya kushika bisibisi.

Na birika nalo nililitoa pale. Pwani mafriji ni mengi na joto halina huruma, kwa hiyo tulikuwa tunahangaika sana na vihisi joto: vile vipuri vidogo kama punje ya mchele ambavyo hupitisha umeme zaidi vikipata joto na kuubana vikipata baridi. Ili kujua kipuri kama hicho kinasema nini, unahitaji sehemu mbili ambazo joto lake linajulikana bila ubishi. Mzee Bakari alikuwa na mbili. Kikombe cha barafu inayoyeyuka: hiyo ni sifuri. Birika la maji yanayochemka: hiyo ni mia. Unatumbukiza kihisi huku, unaandika. Unatumbukiza kule, unaandika. Yaliyo katikati unayapata kwa hesabu.

"Barafu na birika," alikuwa akiniambia, "havijawahi kumwongopea mtu."

Siku niliyomuaga, baada ya miaka minne, alinipa birika hilo. Alisema limeanza kuvuja. Halikuwa linavuja.

Nikazunguka nalo. Morogoro, Dodoma, Iringa, Tunduma. Sitawachosha na vituo vyote. Katika kila mji nilifika nikisema nitakaa, na nilikaa mpaka siku nilipoanza kujua majina ya mbwa wa mtaani, hapo nikajua nimekaa sana. Kila mahali nilichemsha maji, nikaomba barafu, nikapima vihisi vya mafriji, na hakuna friji lililorudi. Kwa hiyo imani yangu kwa birika ilizidi kukomaa. Sikujua kwamba nilikuwa na bahati tu: friji hufanya kazi karibu na barafu, na barafu haidanganyi popote pale.

Mwisho nikarudi nyumbani Tukuyu, nikapanga chumba hapo Bulyaga. Mlango wa pili alikuwa Bi Rehema, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Pangani kuuza vitambaa, naye ameendelea na vitambaa na ameongeza juisi. Yeye ndiye aliyekuwa na friji la kugandisha mtaa mzima. Siku ya kwanza nilipomwomba barafu, alinitazama nilivyovaa masweta mawili.

"Barafu? Hapa Tukuyu?"

"Kidogo tu, Bi Rehema. Ya kazi."

"Toka nje ukae kwenye ukungu dakika kumi, fundi. Utaganda mwenyewe, na ni bure."

Lakini alinipa, na aliendelea kunipa miaka yote.

Kazi za Tukuyu ni za unyevu. Hilo mnalijua. Mvua inaingia mpaka ndani ya maneno ya mtu, seuze ndani ya saketi. Nakumbuka redio ya mzee mmoja wa Mpuguso iliyokuwa inaongea siku za mvua tu. Kiangazi kimya, mvua ikianza taarifa ya habari. Aliniletea siku ya jua, ikanyamaza. Nikamrudishia siku ya mvua, ikaongea. Tukabadilishana hivyo karibu mwezi mzima, kila mmoja akimwona mwenzake mwongo. Kumbe bodi ilikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, na unyevu ulikuwa unaivimbisha na kuubana ule ufa. Nililehemu kijiwaya cha urefu wa kucha. Mzee alisikitika kidogo, maana redio ile ilikuwa imeshampa sifa kijijini ya kutabiri hali ya hewa.

Hizi bodi ndogo zenye chipu ya kuandikiwa programu zilinikuta nimeshapita miaka thelathini na tano. Ya kwanza niliagiza Kariakoo, ikaja kwa basi ndani ya soksi. Nilijifunza kwa video za simu, nikirudisha nyuma kila sekunde kumi, na siku niliyofanikiwa kuwasha taa ndogo kwa maneno niliyoandika mwenyewe, nilikimbia kumwita Bi Rehema.

"Ona. Inawaka, inazima. Inawaka, inazima. Nimeiamuru mimi."

Akaangalia kwa heshima. "Mbona umeme wa hapa unafanya hivyo kila siku bila kuamriwa?"

Tangu hapo nikawa mgonjwa wa bodi. Nilitengeneza kengele ya tenki la maji, kifaa cha kumwagilia bustani ambacho katika wilaya yetu ya mvua hakikuwahi kupata nafasi ya kufanya kazi, na taa ya choo iliyokuwa inawaka mtu akiingia na kuzima kabla hajamaliza. Kisha akaja Mama Tumpe.

Mama Tumpe ni mzaliwa wa Kyela aliyeolewa Kawetele, kule juu ya mji. Alikuwa kiongozi wa wanawake kumi na wawili wanaofuga kuku wa kienyeji, na walikuwa wameamua kuacha kusubiri kuku wajisikie kulalia. Walitaka mashine ya kutotolesha. Wakamtuma yeye kwangu.

"Fundi, nasikia unaongea na vidude."

"Naongea navyo, mama. Kujibu ni hiari yao."

"Basi kiambie kimoja kiwe kuku."

Nilifurahi mno. Nilitengeneza sanduku la mbao lenye kuta mbili na maranda katikati, balbu mbili za kutoa joto, feni ya kompyuta iliyokufa, betri ya kusaidia umeme ukikatika, na bodi yenye kihisi joto. Kihisi nilikipima kama nilivyofundishwa: barafu ya Bi Rehema, birika la Mzee Bakari. Nikaiamuru mashine ikae kwenye thelathini na saba nukta saba, joto la yai linalotaka kuwa kifaranga, na iandike kumbukumbu kila dakika. Pembeni ya sanduku nikaandika jina langu kwa wino mweusi. Hakuna aliyeniomba niandike.

Wanawake walileta mayai sitini, kila mmoja ameyaandika herufi ya jina lake kwa penseli. Siku ishirini na moja zikapita, kimya. Siku ya ishirini na nne wakatoka vifaranga wanne, miguu imelegea kama wametoka safarini. Hamsini na sita yalibaki mayai viza, na mayai viza hamsini na sita ndani ya chumba kimoja si habari ya kuandika.

Nilikwenda kwa Mama Tumpe na simu yangu, nikasoma kumbukumbu za mashine, nikamwonyesha mchoro wake. Mstari ulionyooka kabisa, thelathini na saba nukta saba mchana na usiku, isipokuwa vishimo vidogo vidogo.

"Mama, mashine haina kosa. Angalia hapa. Umefungua mlango. Hapa tena. Na hapa. Baridi imeingia."

"Si uliniambia nigeuze mayai mara tatu kwa siku? Nilitakiwa kugeuza kwa kuombea?"

"Uwe unafungua haraka, mama."

"Fundi, mimi nikiweka mkono mle ndani naona pamepoa. Kuku akilalia, chini ya tumbo lake panachoma kuliko hapo. Nimetoa mayai chini ya kuku tangu nikiwa na meno ya utoto."

"Mkono unadanganya, mama. Mashine imesema thelathini na saba nukta saba."

Akanitazama sana. "Mashine imesema. Na mayai yamesema nini?"

Mimi nilikuwa na mchoro, na nikaondoka nao. Nilimwachia yeye lawama. Kosa la hesabu sijaliandika bado, lakini kosa langu kubwa ni hili, na nataka mlijue kwa jina lake: nilimsikiliza mteja nikiwa nimeshaamua.

Kule Kawetele maneno yakaanza. Wengine walisema Mama Tumpe aliuza mayai ya wenzake na kuweka mabovu. Mwingine akasema ameyakaanga, kwani nyumbani kwake kulisikika harufu. Alinieleza haya mwenyewe, wiki mbili baadaye, akiwa amesimama mlangoni kwangu bila kukubali kiti.

"Nimewaomba mayai mara ya mwisho. Wametoa sitini mengine, lakini wamenitolea kama watu wanaotoa rambirambi. Haya yakiharibika, uongozi naachia, hilo si kitu. Ila kanisani nitapita mlango wa nyuma, fundi, mimi ambaye sijawahi kuchukua hata chumvi ya mtu. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nikabandika sponji mlangoni mwa sanduku, nikabadilisha feni, nikabadilisha balbu. Kila kitu nilikigusa isipokuwa kile nilichokiamini.

Siku ya nane ya awamu ile ya pili nilikwenda Kawetele bila kuitwa. Nilimulika mayai kwa tochi, moja moja. Mengi yalikuwa hai, mishipa inaonekana, lakini ilikuwa midogo, kama ya siku ya sita. Mvua ikashuka, nikakaa jikoni kwa Mama Tumpe kusubiri ipungue. Chungu cha maharage kilikuwa jikoni, kinatokota kwa nguvu mpaka mfuniko unacheza. Nilikaa nikikitazama, maana njaa nilikuwa nayo.

"Mama, haya maharage tangu nimefika yanatokota."

"Yanatokota, hayaivi. Nimeyabandika tangu asubuhi. Ingekuwa kwetu Kyela, kule chini ziwani, ungekuwa umeshakula, umelala, umeamka."

"Labda mbegu ni ngumu."

"Mbegu ya mama yangu hii hii. Kila mwaka napanda nayo huku na wao wanapanda kule. Kule yanaiva, huku yananitazama. Si mbegu, wewe gwe. Ni maji. Maji ya huku yanapiga kelele tu, joto hayana."

Nikacheka. Nikacheka vizuri kabisa, ile ya mtu mjanja akisikia jambo la kijijini. Halafu kicheko kikanifia mdomoni.

Kidato cha tatu, mwalimu wa fizikia alisimama mbele yetu, katika shule iliyo kwenye mteremko ule ule wa Mlima Rungwe, akasema kwamba ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, haiyakandamizi maji sana, kwa hiyo maji yanachemka kabla ya kufika mia. Niliandika kwenye daftari. Swali lilikuja kwenye mtihani na nililipata. Elimu yangu yote juu ya jambo hilo ilibaki ndani ya daftari, na daftari lilishafungia watu maandazi zamani. Mama Tumpe hakuwa na daftari. Alikuwa na chungu.

Tanga birika linachemka kwenye mia kwa sababu bahari iko pale chini ya mtaa. Mimi nililibeba birika mpaka Tukuyu juu, nikaliamini kama nilivyoliamini Tanga, nikaiambia bodi kwamba maji yale ni mia. Bodi haina mkono wala haijawahi kupika maharage. Ikakubali. Na tangu siku hiyo kila ilichosema ilikuwa inazidisha: ikisema thelathini na saba nukta saba, ndani palikuwa pamepungua digrii moja na nusu. Kwa friji hiyo si kitu. Kwa yai ni uhai.

"Gwe, unaumwa?" akauliza Mama Tumpe. "Umebadilika rangi."

"Mama, una themometa ya homa?"

"Kumbe unaumwa kweli."

Hakuwa nayo. Nilishuka mjini na mvua yangu, nikanunua moja duka la dawa, nikaipima kwanza kwapani kwangu, kisha nikamsihi Bi Rehema naye aiweke. Wote wawili tulikuwa wazima, na kwa ushahidi huo nikaamua themometa nayo ni nzima. Nikarudi Kawetele na kompyuta chini ya koti. Tukaiweka themometa ndani ya sanduku, kati ya mayai, tukafunga mlango, tukasubiri tukiitazama saa. Kioo cha mashine kilisema thelathini na saba nukta saba. Themometa ilitoka na thelathini na sita nukta moja.

Mama Tumpe aliishika, akaisogeza mbali na macho, akaisoma. Hakusema "nilikuambia." Aliingiza mkono kwenye sanduku, akautoa, akaupangusa kwenye kanga, akanitazama. Ilitosha.

Nilibadilisha namba kwenye programu pale pale, juu ya meza ya jikoni. Baada ya nusu saa themometa na kioo vilisema kitu kimoja. Maharage yalikuwa bado.

Nilimpigia simu Mzee Bakari. Sauti imezeeka lakini ukali uko pale pale. Nikamweleza yote. Nikasikia anacheka mpaka anakohoa.

"Mnyakyusa wewe," akasema, "mimi nilikufundisha kuchemsha maji. Sikukufundisha kuhamisha bahari."

Siku ya ishirini na moja wanawake walikuja kwa Mama Tumpe kuangalia, saa nne asubuhi, na mimi nilikuwepo. Nilijua wamechelewa kwa ile wiki ya kwanza ya baridi, lakini kujua si kuona. Sanduku lilikuwa kimya. Mama Neema, jirani wa karibu na mkali wa maneno, akainama, akasikiliza, akainuka.

"Tulete kikaango sasa, au tusubiri kesho?"

Wengine wakacheka kwa pua. Mama Tumpe alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono ndani ya kanga, macho chini. Sikuwa nimejiandaa kusema kitu. Nikajikuta nimesimama.

"Mama zangu, yale ya kwanza niliyaua mimi. Mashine nilipima vibaya. Mama Tumpe alinieleza kwamba ndani pamepoa, nikambishia, nikasema ni mlango. Hakufanya kosa lolote. Hata haya yakifa, ni mimi."

Mama Tumpe, bila kuinua macho:

"Sema kwa sauti, fundi. Mama Neema anasikia kwa shida."

"Nasikia vizuri tu!" Mama Neema akaruka.

"Hata hivyo. Arudie."

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu walikuwa wanatabasamu. Wakaondoka bila kusema wanaamini au hawaamini.

Kesho yake, muda wa chai ya asubuhi, simu ikalia. Ilikuwa namba ya Mama Tumpe lakini hapakuwa na mtu anayeongea. Nilisikia mkwaruzo, halafu sauti nyembamba, halafu ya pili, halafu nyingi, kama redio isiyoshika stesheni. Alikuwa ameweka simu juu ya sanduku.

"Unasikia?" akasema baadaye.

"Nasikia, mama."

"Ndaga, asante. Ni hicho tu."

Walitoka arobaini na mmoja kwa siku mbili. Kugawana kulileta ubishi wa nusu siku, maana kifaranga hatoki na herufi mgongoni. Mama Tumpe ndiye aliyetatua: akaokota maganda, akayapanga juu ya ungo, akayasoma herufi moja moja mbele ya wote, na kila mmoja akachukua kadiri ya maganda yake. Mama Neema alipata wengi kuliko wote. Aliwabeba kwenye boksi bila kutaja kikaango tena.

Baadaye rafiki yangu anayefanya kazi kwenye kiwanda cha chai aliniazima kipimajoto kirefu cha kioo. Nikachemsha birika la Mzee Bakari hapo hapo kwenye benchi. Halikufika tisini na tano hata nilipolipulizia moto. Ndiyo hiyo plasta. Msiibandue. Siku hizi vihisi vingi vinakuja vimeshapimwa, na ninyi mtasema birika ni la makumbusho. Sawa. Lakini hata hivyo vimepimwa na mtu, mahali fulani, na hamjui pale maharage yanaiva kwa saa ngapi.

Siku ya mwisho kwenye benchi, Bi Rehema aliniletea glasi ya juisi yenye vipande viwili vya barafu, zawadi anayojua thamani yake. Mama Tumpe alishuka kutoka Kawetele na mfuko wa maharage makavu, mbegu ya mama yake.

"Nasikia unaanza tena kuzurura."

"Naanza, mama. Kyela kwanza, halafu nitajua mbele."

"Kila mji utakaofika, pika haya kidogo. Unipigie uniambie yameiva baada ya muda gani."

Ninaandika haya nikiwa Kyela, kwenye gesti yenye jiko la mkaa uani. Begi langu lina mita, pasi ya kulehemu, themometa ya homa na ule mfuko. Leo asubuhi nilibandika konzi mbili. Sikuwa hata nimemaliza ukurasa wa birika yalipoanza kupasuka. Nikampigia.

"Yameiva?"

"Yameiva, mama. Laini kabisa."

"Mh." Nilisikia kuku nyuma yake, wengi. "Miaka yote hiyo natafuta shahidi. Sasa waambie wenzako waliobaki huko Bulyaga: wakija kwangu kuangalia mashine, waje na themometa. Wasije na birika."

Basi, nimewaambia.